Kaburi Nililolitunga

Mhariri wangu alitaka maiti. Alinipigia simu kutoka Nairobi nikiwa nasahihisha insha za kidato cha pili, akaniambia kwa upole wake wa siku zote kwamba muswada ni mzuri, lugha imekaa sawa, mafisadi wananuka inavyotakiwa, ila msomaji hawezi kuachwa njia panda. "Huyu mtu amechukuliwa," alisema, "kisha? Riwaya ya uhalifu bila maiti ni pilau bila nyama. Mtafutie mwisho." Nikamwambia nitatazama. Nikakata simu, nikasukuma kando madaftari ya watoto, nikalia mpaka mwalimu wa hesabu akaona heri atoke nje.

Mtu huyo aliyechukuliwa alikuwa ndugu yangu. Mhariri hakujua. Nilikuwa nimemwambia, kama nilivyowaambia wote, kwamba hadithi imetokana na mambo yanayotokea kwetu Garissa, na watu wa Nairobi wanayapenda maneno hayo kwa sababu hayawalazimu kuuliza zaidi.

Ndugu yangu ndiye aliyenifuata kuzaliwa, na alikuwa mchokozi. Aliendesha lori la maji, boza kama tunavyoliita, na kila kiangazi alikuwa anatoka Garissa kushuka Masalani, akapita Ijara mpaka Hulugho, akijaza matangi ya vijiji ambavyo mvua ilikuwa imevisahau. Alirudi na vumbi mpaka kwenye kope, ananuka dizeli na maziwa ya ngamia aliyopewa njiani. Mimi nilisomea ualimu wa Kiswahili, na hilo kwake lilikuwa kichekesho kisichochuja. "Abaayo," aliniambia, maana ndivyo tunavyomwita dada, "umejifunza lugha ya askari ili uwafundishe watoto wetu kuomba ruhusa."

Mwaka mmoja nilitumwa kusimamia mitihani katika shule moja karibu na Hulugho, naye akanipa lifti. Njiani, mahali pasipokuwa na kijiji wala duka, akasimamisha lori. Palikuwa na kibao cha bati cha rangi ya buluu kilichoandikwa kwa herufi nyeupe kwamba hapa ni bwawa, na kwamba limechimbwa kwa manufaa ya wananchi na mifugo yao. Nyuma ya kibao palikuwa tambarare. Mgunga mmoja ulioinama kuelekea kibla, kichuguu kirefu, na udongo mwekundu ambao hatua chache mbele uligeuka mweupe kama jivu. Basi. Ndugu yangu akavua viatu, akakunja suruali mpaka magotini, akaanza kutembea pale pakavu akiinua miguu juu na kupunga mikono, mtu anayevuka mto. "Ingia, abaayo, maji ni baridi! Kuna watu wameogelea humu mpaka wakaibuka na maghorofa." Nilicheka hadi nikashikilia nguzo ya kibao.

Kicheko kile sikujua thamani yake. Laiti ningejua, ningekaa pale siku nzima nimtazame akiogelea.

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kibaya. Ndugu yangu aliona akina mama wakipigania ncha ya mpira wake wa maji, wakikamua matone kwenye madumu, na aliporudi hakufanya mzaha. Asubuhi yake alipiga simu redioni, kwenye kipindi cha Kisomali ambacho watu hutoa malalamiko, akasema jina la mahali na rangi ya kibao. Akasema, "Nimepita juu ya bwawa hilo na lori zima, na gurudumu halikulowa hata moja." Mji ulicheka. Hotelini, wazee wakinywa chai, walikuwa wakiulizana, "Je, umelowa?" Kwa siku kadhaa alikuwa mtu mashuhuri, na nakumbuka mama akimkemea huku anatabasamu ndani ya shela yake.

Kisha akaja adeer, baba yetu mdogo, ndevu zimekolea hina, akanywa chai mpaka mwisho kabla ya kufungua neno. Alisema ulimi hauna mfupa. Alisema mwenye kandarasi ya bwawa lile ni mtu wetu, tumeoana na watu wake, na kwamba mambo ya nyumba humalizwa nyumbani. Ndugu yangu akamjibu kwa adabu zote, macho chini, "Adeer, kama bwawa nalo lilikuwa la nyumba, mbona sisi hatukuonjeshwa?" Adeer akaondoka bila kuaga vizuri.

Walimchukua mchana, akiwa kwa fundi wa magurudumu karibu na soko la mifugo. Fundi alituambia gari halikuwa na namba na wale watu walikuwa wapole sana. Mmoja alimfungulia mlango. Ndugu yangu alikuwa ameagiza chai na aliiacha nusu.

Hatukumwona tena. Naweza kuandika kurasa nyingi za namna tulivyomtafuta, vituoni na kwa mawakili, lakini zote ni ukurasa mmoja: dirisha, mtu ndani ya dirisha, na mama yangu nje. Katika kituo kimoja cha polisi, mkubwa mmoja alituuliza kama pengine kijana hakuvuka mpaka wa Liboi kwenda kujiunga na watu wabaya. Wa kwetu akipotea, hilo ndilo swali la kwanza. Mama, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni, alishika vyuma vya dirisha akamwambia, "Mimi hataki maneno ya Liboi. Kijana yangu nabeleka maji. Kama iko hai, nibe mimi. Kama imekufa, nibe mimi." Yule mkubwa akajibu kwa Kiswahili safi, Kiswahili cha kufundishia, "Mama, hapa hatuna mtu wa aina hiyo." Nilitamani kumchapa na kamusi.

Ndipo nikaanza kuandika, na niliandika kwa Kiswahili makusudi. Nyumbani tunasema Kisomali, na Kisomali kilikuwa kimejaa, ndicho tulichokuwa tukililia. Kiswahili kilikuwa lugha ya yale madirisha, nami nilitaka kuwajibu kwa lugha ile ile waliyotunyimia. Nilimbadilisha ndugu yangu jina, nikamrefusha, nikampa mguu mmoja mbovu, nikamfanya mwana wa pekee asiye na dada. Mji nikaupa jina lisilo kwenye ramani. Wale walafi nikawabadilishia matumbo na magari. Mahali tu sikupabadilisha. Kila nilipojaribu kumpeleka kwingine, kalamu ilikwenda yenyewe kwenye kile kibao cha buluu.

Kwa hiyo mhariri alipotaka maiti, nilijua pa kuizika. Niliandika kwamba wachungaji waliokuwa wakitafuta ngamia aliyepotea waliona udongo uliofukuliwa chini ya mgunga ulioinama kuelekea kibla, kati ya kichuguu na pale udongo mwekundu unapogeuka mweupe. Niliandika kwamba shimo la pekee lililowahi kuchimbwa katika bwawa lile ni la kumfukia mtu aliyesema halikuchimbwa. Mhariri akanijibu kwa neno moja: "Naam!" Nami nilifurahi. Nasema nilivyokuwa: nilifurahi, kama mpishi aliyesifiwa, na mchuzi wenyewe ni ndugu yangu.

Kitabu kilipotoka niliitwa Nairobi kukizindua. Nilivaa shela mpya, nikakaa mbele ya watu waliokuwa wakila sambusa, na mtu akauliza lile swali ambalo lazima liulizwe: ni kisa cha kweli? Nikatabasamu. Nikasema ni cha kubuni tupu. Wakapiga makofi, wengine wakaandika kitu kwenye simu zao.

Nyumbani nilikuwa nimeacha nakala moja juu ya kabati. Mke wa ndugu yangu, wifi yangu, alizaliwa na kusoma katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, na Kiswahili chake kinawazidi baadhi ya walimu wenzangu. Mama alimwomba amsomee. Kwa hiyo kila siku baada ya swala ya alasiri wawili hao walitandika mkeka uani, wifi akawa anasoma sentensi kimoyomoyo kisha anaisema kwa Kisomali. Baadaye aliniambia zilikuwa siku nzuri. Mama alimtambua mwanawe ukurasa wa kwanza, mguu mbovu usimdanganye. Alikuwa akimkatiza: "La, hakunywa chai hivyo, yeye alipuliza kwanza." Walicheka pale alipomjibu baba yake mdogo. Wifi anasema kulikuwa na siku walimaliza kusoma wakabaki wamekaa, wametulia, kana kwamba yeye ameenda tu kuoga.

Kisha wakafika sura ya mwisho.

Nilirudi kwa basi la asubuhi. Tulivuka daraja la Tana jua likiwa limeshika, nikapanda tuktuk mpaka kwetu, na kwenye lango nikaona viatu. Viatu vya wanawake vimejaa, vimepandana. Upande wa pili wa ukuta palikuwa na turubai la wanaume na harufu ya nyama ya mbuzi ikichemka. Nilidhani mama amekufa na hakuna aliyenipigia simu. Jirani yetu akanikumbatia langoni, akaniambia, "Samir iyo iimaan," yaani subira na imani, maneno tunayowapa wafiwa. Nilimsukuma nikaingia ndani.

Mama alikuwa amekaa katikati ya wanawake, mzima, tasbihi mkononi. Kando yake wifi alikuwa amevaa nguo nyeupe za mjane. Kwetu mama humwita mtoto wake kwa jina lile lile ambalo mtoto humwita yeye, hivyo mama akasema, "Hooyo, umefika. Njoo. Nimekuelewa."

"Umeelewa nini, hooyo?"

Akanivuta karibu, akanisemesha kwa sauti ya chini kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Alisema anajua kwamba habari ya kifo haiangushwi miguuni pa mtu. Ni kweli, kwetu hufanyi hivyo. Unamzunguka mwenye msiba, unasema fulani anaumwa kidogo, unasema wazee wanakuja, mpaka moyo wake wenyewe umfikishe. "Hukuthubutu kuniambia usoni," alisema. "Ukaiweka kitabuni ili inifikie polepole, siku kwa siku. Umenilea vizuri, hooyo. Mungu akulipe."

Nikasema, "Hooyo, kile ni kitabu tu."

"Najua ni kitabu. Lakini mimi nimekulia malishoni. Kabla ya watu kuhama anatangulizwa mtu mmoja akatazame majani na maji, mtu wa sahan. Akirudi hasemi ila alichokiona: mti gani, umeinama wapi, udongo wa rangi gani. Wote wanahama kwa neno lake, wanyama na wazee na watoto wachanga. Mtu wa sahan hadanganyi, maana uongo wake unaua watu. Wewe umesema mti umeinamia kibla. Umesema udongo mwekundu unageuka mweupe. Hayo hayasemwi na mtu ambaye hakufika." Akanipapasa shavu. "Mwanangu amelala upande wa kibla. Alhamdulillahi."

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Lakini mama alilala mchana ule. Alilala kweli, mdomo wazi, anakoroma, mwanamke ambaye tangu siku ya fundi wa magurudumu alikuwa akishtuka kila gari likipunguza mwendo nje. Wifi alikula sahani nzima ya wali. Wanawe walikuwa wameambiwa baba yao yuko peponi, na mkubwa alikuwa akiwaambia watoto wa jirani hivyo, kwa majivuno kidogo. Kifo kilikuwa kimeleta nafuu nyumbani. Mimi nilizunguka zunguka na birika la chai, nikiwamiminia wageni, na kila aliyenipa pole nilimwitikia.

Kesho yake ikaja pikapu na magunia ya mchele na sukari. Nyuma yake likaja gari jingine, akashuka mwenye kandarasi ya bwawa. Nilimwona kupitia pazia la upande wa wanawake. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe na amenyoa vizuri. Adeer alimpokea kwa mikono miwili, akamketisha mahali pa heshima, na yule mtu akainua viganja vyake akamwombea ndugu yangu dua ndefu, sauti imetulia, akataja rehema na pepo na maji ya Kawthar, mto wa peponi. Nilisikia vizuri, aliyataja maji. Wanaume wote wakaitikia amina.

Alipoondoka, adeer akaja mlangoni kwetu. Alikuwa mchangamfu kama mtu aliyemaliza kulipa deni. Alisema yule muungwana ametoa gari na dereva, Ijumaa mama apelekwe Hulugho akazuru kaburi. Alisema sasa Mungu amelifunga jambo hili, na mimi niache kuwasumbua mawakili, kwa kuwa anayejua alipozikwa mtu wake hana tena cha kuuliza serikalini. Mama akaitikia, "Sawa," akiwa tayari anatafuta kitambaa cha kufungia udi.

Nilielewa hapo kitabu changu kimemfanyia nani kazi. Niliwaandika wale walafi kwa hasira yangu yote, nikawapa vitambi na jasho, na mwishowe niliwapa walichokihitaji kuliko vyote: kaburi lisilo na aliyechimba.

Jioni hiyo, kabla ya magharibi, sheikh aliniita. Alikaa upande wake wa pazia, nami upande wangu, mama na wifi wakiwa pamoja nami. Alikuwa mtu mpole na mwenye kikohozi. Alisema, "Binti yangu, mke huyu anataka kuhesabu eda yake. Eda haianzi kwa uvumi. Niambie, kaburi uliliona kwa macho yako?"

Mama akanigusa goti, kunitia moyo.

"Sikuliona," nikasema.

"Aliyeliona ni nani?"

"Hakuna. Nililitunga."

Kikohozi cha sheikh kikakatika. Nikasikia akisema, "Astaghfirullah," si kwa ukali, kisha akaniuliza tena ili asinidhulumu, nami nikajibu vile vile. Akainuka polepole. Upande wa wanaume nilisikia mikeka ikianza kukunjwa, na adeer akiuliza kuna nini, kuna nini.

Mama hakuondoa mkono gotini kwangu. "Umetunga nini?" aliuliza. "Pale mahali?"

"Mahali papo, hooyo."

"Kibao?"

"Kipo."

"Mti?"

"Upo. Nimeuona mwenyewe, alinionyesha yeye."

"Basi uongo uko wapi?"

"Yeye ndiye hayupo pale."

Aliyejibu alikuwa wifi. Alisimama, akavua mtandio mweupe kichwani, akaukunja pande nne kwa utaratibu kama anaurudisha dukani. Ni msichana mpole, sijawahi kumsikia akipandisha sauti, na hata siku hiyo hakuipandisha. "Kitabu chako kimenifanya mjane," alisema, "leo kinywa chako kimenifanya mke. Kesho utanifanya nini, abaayo?" Akauweka mtandio mapajani mwangu akaenda kuwatafuta watoto wake. Wakubwa wa mji huu wamenitisha, simu za watu nisiowajua zimenitukana, lakini hakuna aliyeniumiza kama yule binti na mtandio wake uliokunjwa.

Nikabaki na mama. Wanawake walikuwa wakitoka mmoja mmoja, wakitafuta viatu vyao. Nilitaka anilaani nipumzike. Alikuwa akinitazama kwa mshangao tu, anawaza, kama mtu anayejaribu kuelewa mashine.

"Niambie, hooyo," alisema. "Yote yale yalikuwa mkononi mwako? Mguu wake mbovu, wewe uliutaka?"

"Ndiyo."

"Wachungaji wale na ngamia wao, wewe uliwaleta?"

"Ndiyo, hooyo."

"Ulikuwa unaweza kuandika chochote."

"Chochote."

"Basi mbona hukumleta nyumbani?"

Ningemwambia nini? Kwamba mhariri alitaka maiti? Kwamba wasomaji wa Nairobi wasingeamini mtu wa kwetu achukuliwe na gari lisilo na namba kisha arudi ameshika dumu la maziwa? Sababu ilikuwa mbaya zaidi ya hizo. Sikumrudisha kwa kuwa mimi mwenyewe, mwenye kalamu, niliyeweza kuchimba na kufukia, sikuwa naamini tena kwamba yu hai. Kwa miaka yote ile nilikuwa nikimshika mama mkono kwenye yale madirisha, nikimwambia tusikate tamaa, na huku nyuma nilishamzika mwanawe kwa lugha asiyoisoma. Sasa alikuwa amesomewa. Nililia mbele yake kwa mara ya kwanza, na yeye hakulia. Alinifuta uso kwa ncha ya shela yake, kwa nguvu, kama anavyowafuta wajukuu makamasi.

Kisha akamwita adeer, akamwambia mchele na sukari virudi vilikotoka, punje kwa punje. Adeer alisema ni aibu kurudisha sadaka. Mama akamwambia sadaka ni ya maiti na sisi hatuna maiti. Magunia yaliondoka kwa mkokoteni wa punda, mji mzima ukitazama. Mwenye bwawa alicheka, nimesikia. Alisema, "Mwambieni mwalimu wenu, kama anajua sana kutunga, atutungie na bwawa." Maneno hayo bado yanazunguka hotelini.

Wifi aliongea nami tena baada ya muda, kwa sababu ya watoto. Mkubwa hapendi kucheza na wale wa jirani siku hizi. Kitabu kinaendelea kuuzwa na sura ya mwisho ndiyo inayosifiwa.

Mama hakuwahi kunilaumu. Aliniomba kitu kimoja tu, asubuhi moja akipepeta mtama. Alisema, niandike kingine, kifupi, si lazima kiende Nairobi. Humo nimrudishe. Anajua ni cha kutunga, alisema, nisimdhanie mjinga. Anataka tu kusomewa.

Kwa hiyo nikikaa mezani baada ya shule, anapita nyuma yangu anauliza, "Umemfikisha wapi?" Mwanzoni ilikuwa rahisi. Nilimtoa Hulugho alfajiri, tangi tupu, afya tele. Nikamwambia mama yuko Ijara, akasema alhamdulillahi. Siku nyingine nikamwambia yuko Masalani anakula, akauliza anakula nini, nikamwongezea nyama. Nilimfikisha Bura. Alifurahi kwa hilo, alisema kutoka Bura si mbali, akamwambia wifi, na wifi akageuka upande.

Kutoka Bura siwezi kumtoa. Nimeandika barabara, nimeandika vumbi, nimeandika mkono wake kwenye usukani na saa yake ya bei rahisi. Kila nikiliwasha lile lori najiona naandika uongo, na kalamu inasimama. Wiki nzima mama alipita akiuliza nami nikimwambia bado yuko Bura, anapumzika. Jana aliuliza tena. Nikasema lori limeharibika.

"Hata hilo, hooyo, wewe umelitaka?" akauliza, kisha akaenda kutawadha.